SARAFU ZA MASHUJAA
(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanachama wa tawi)



Tumeombwa tuseme machache juu ya sarafu za ukumbusho, maana baadhi yetu siku hizi wanazikusanya, hasa zile zenye sura za watu waliopigania uhuru. Kazi hiyo twaipenda. Lakini tunalo onyo, nalo lahusu mfuko wa mfanya kazi.

Iko sarafu ya Afrika ya Kusini ya randi 5, iliyotolewa mwaka 2008, Mzee Nelson Mandela alipotimiza miaka 90. Ilipigwa kwa mamilioni ili itumike madukani. Kisha yakazuka maneno kwamba aliye nayo amekwisha kuwa tajiri. Mwenzetu mmoja alitoa ujira wa siku nne akainunua moja kwa mchuuzi. Benki Kuu ya huko imesema wazi kwamba randi 5 ni randi 5. Mkusanyaji aweza kuongeza kitu kwa ile isiyopata kushikwa na mikono. Iliyokwisha zunguka sokoni, basi.

Ukubwa wa shujaa haupandishi bei. Warusi walipiga rubli 1 yenye sura ya Lenin mwaka 1970, miaka 100 tangu kuzaliwa kwake, nazo zilikuwa karibu milioni 100, za shaba na nikeli tu. Hata baada ya dola ya Kisovieti kuvunjika mwaka 1991, sarafu hiyo haikuwa adimu. Anayekuuzia kwa bei ya mbuzi, mwachie.

Che Guevara naye alifanywa mkuu wa Benki ya Taifa ya Kuba mnamo Novemba 1959, na noti alizitia sahihi kwa neno moja tu: Che. Baadaye akapigwa katika sarafu ya peso 3. Watalii wakaipenda, na wachuuzi wa Havana wakawauzia kwa bei kubwa kuliko thamani yake. Hao hatuwalaumu sana, maana ni maskini akimwuzia mwenye nazo. Kwetu anayeuziwa ndiye maskini.

Na hapa Kenya? Sarafu zetu tangu mwaka 1966 zilichukua sura za marais. Dedan Kimathi, aliyenyongwa tarehe 18 Februari 1957, hakupata nafasi katika sarafu ya kununulia unga. Wala Makhan Singh, aliyekamatwa Mei 1950 kwa kazi ya vyama vya wafanya kazi, asiachiliwe mpaka 1961. Sasa hawatapata tena: Katiba ya mwaka 2010 yakataza sura ya mtu ye yote katika fedha yetu, na sarafu za mwaka 2018 zina twiga, kifaru, simba na ndovu. Wako wanaosikitika. Sisi twaona afadhali twiga kuliko kila serikali kuja na uso wake. Lakini watoto wetu wanamjua twiga, Makhan Singh hawamjui.

Mwenye sarafu ya ukumbusho na ailete ofisini tuitazame pamoja kabla hajanunua nyingine. Asiisugue kwa majivu wala kwa ndimu; ikisuguliwa yang'aa, lakini wakusanyaji huikataa. Akiambiwa ni madini ya fedha, aijaribu kwa sumaku. Fedha haivutwi.