MTANDAO: SAFARI YA KWENDA NA KURUDI



Kila siku tunasikia watu wakisema, "Leo hakuna mtandao." Je, mtandao ni kitu gani?

Mtandao ni kompyuta nyingi zilizounganishwa ili zipashane habari. Hata simu ya kisasa ni kompyuta ndogo.

Tuseme mwenzetu aliye Kigoma anampelekea ndugu yake wa Tanga picha ya mtoto. Picha haiendi nzima. Simu huikata vipande vidogo vidogo. Kila kipande hupewa anwani ya kinakokwenda na namba inayoonyesha nafasi yake. Vipande hurushwa hewani mpaka mnarani. Kutoka hapo vingi husafiri kwa mwanga ndani ya nyuzi za kioo, nyembamba kama unywele. Kwenye njia panda ziko kompyuta za kusoma anwani na kuelekeza: "Wewe pita huku." Mwisho wa safari vipande hupangwa tena kwa namba zake. Kikipotea kimoja, hutumwa tena.

Utaratibu huu ulielezwa mwaka 1974 na Wamarekani wawili, Vinton Cerf na Robert Kahn.

Faida yake ni hii: njia moja ikifungwa, vipande hupita njia nyingine. Lakini njia zikibaki chache, msongamano huwa mkubwa. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Hapa Tanzania mtandao ulikwenda kwa shida sana.

Sasa tusikie yaliyompata mama mmoja wa kisomo chetu. Alilipa pesa za mbolea kwa simu. Simu ikanyamaza. Akadhani hazikwenda, akatuma tena. Kumbe zimekwenda mara mbili! Kuzirudisha kukawa kazi.

Ndugu zetu, kila ombi lina safari mbili: ya kwenda na ya kurudi. Simu ikinyamaza, pengine ombi limefika, ila jibu limekwama njiani. Basi tusirudie upesi. Tuangalie salio kwanza. Kama pesa zimepungua, tungoje jibu, au tumwulize tuliyemtumia. Haraka haraka haina baraka.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Kwa nini kila kipande hupewa anwani na namba?
2. Umetuma pesa, jibu halijaja. Utafanya nini kwanza?