Mkaguzi na Daftari la Jengo

Jioni hii nataka kusema nanyi habari ya uchunguzi wa majengo ya umma. Yajulikana ya kuwa watu wasikiapo mkaguzi anakuja huingiwa na hofu, hata mwenye mikono safi. Na tuitazame hofu hiyo.

Katika mji wa Dar es Salaam ziko nyumba mbili ndefu za Benki Kuu ya Tanzania, ziitwazo minara pacha. Gharama za kuzijenga zilipanda mno, kisha uchunguzi ukafanywa, na mwaka 2009 mkurugenzi mmoja wa benki hiyo akashitakiwa katika Mahakama ya Kisutu. Mashitaka yalikuwa mawili. Shitaka la kuitia serikali hasara ya shilingi bilioni 221 na zaidi, mahakama ililiondoa. Lakini la kutumia vibaya madaraka lilisimama, na mwezi wa Mei 2010 alihukumiwa kifungo cha miaka 2, kwa kuwa aliidhinisha mabadiliko ya kazi bila kwanza kupata ruhusa ya Bodi ya Wakurugenzi.

Angalieni basi: hakutiwa hatiani kwa wizi, bali kwa kuamua jambo kabla ya wenye kuamua.

Sasa turudi kwetu milimani. Mwaka 2021 serikali ilitoa fedha za kujenga madarasa 15,000 nchini, shilingi milioni 20 kwa kila darasa. Fedha zilitoka Oktoba, nazo mvua zetu huanza wakati huohuo. Tuseme basi lori la mchanga limekwama matopeni, na mwalimu mkuu, kwa nia njema, ametoa mifuko kumi ya saruji ya darasa ili amalize choo cha watoto. Choo kimejengwa, nao watoto wamefurahi. Lakini hakuna mkutano uliokaa, wala neno lililoandikwa. Mkaguzi atakapokuja atahesabu mifuko, ataona kumi imepungua, na mwalimu yule hatakuwa na jibu ila kinywa chake.

Kwa sababu hiyo ziko kamati tatu: ya ujenzi, ya manunuzi, na ya kupokea vifaa. Hazikuwekwa kwa kuwa wanakijiji ni wezi, bali ili mtu mmoja asibebe peke yake mzigo wa wote. Mpokeaji asitie sahihi kabla hajahesabu. Likibadilika lolote, kamati ikae siku ileile, iandike sababu, na walio na amri wakubali kwanza.

Nanyi wanafunzi mjuao kusoma, wasomeeni wazee wenu hesabu zinapobandikwa ubaoni, wapate kuuliza katika mkutano wa kijiji.

Mali bila daftari huisha bila habari. Kwaherini.