Homa ya dengi: kinga inapomgeuka mwenyewe

Leo tunaizungumzia homa ya dengi, ambayo wazee wa pwani waliiita kidingapopo, na hasa kitendawili kimoja kilichowashughulisha madaktari kwa miaka mingi: kwa nini aliyewahi kuugua dengi huwa hatarini zaidi anapoambukizwa mara ya pili?

Tumezoea kinyume chake. Mtoto aliyepona surua haugui tena surua. Lakini virusi vya dengi ni vya aina nne, vinavyofanana bila ya kuwa sawa. Aliyeambukizwa aina moja hukingika nayo kwa miaka mingi; dhidi ya zile tatu zilizosalia, kinga yake hudumu miezi michache tu.

Hali hiyo ilidhihirika Cuba. Mwaka 1977 aina ya kwanza ilienea kisiwani humo, na wengi waliugua kidogo tu. Mwaka 1981 ikaingia aina ya pili. Wagonjwa zaidi ya 344,000 waliripotiwa na watu 158 wakafariki dunia, 101 kati yao wakiwa watoto. Watafiti wakagundua jambo la ajabu: watoto wa mwaka mmoja na miwili, waliozaliwa baada ya wimbi la kwanza, ni nadra waliozidiwa. Waliozidiwa ni kaka na dada zao.

Sababu ni hii. Kingamwili zilizoachwa na maradhi ya kwanza huvitambua virusi vipya na kuvishika, ila hazina nguvu ya kuviangamiza. Chembe nyeupe za damu, ambazo kazi yake ni kumeza kilichoshikwa na kingamwili, huvimeza vikiwa hai, navyo huzaana humo humo. Ni kama bawabu anayemfungulia mwizi lango kwa kuwa amemwona amefuatana na mlinzi. Chembe hizo humwaga kemikali za kuita msaada kupita kiasi, na protini ya virusi iitwayo NS1 nayo huchangia madhara. Mishipa midogo huanza kuvuja, maji ya damu hujaa kifuani na tumboni, na shinikizo la damu hushuka.

Ufilipino nayo ilionja kitendawili hicho. Chanjo iliyotolewa kuanzia mwaka 2016 kwa watoto zaidi ya 800,000 ilisimamishwa Desemba 2017, baada ya kubainika kwamba kwa asiyewahi kuugua dengi, chanjo ile ilifanya kazi ya maambukizi ya kwanza.

La kutisha ni kwamba uvujaji huanza homa inaposhuka, kwa kawaida kati ya siku ya tatu na ya saba, nyumba nzima ikishukuru kuwa mgonjwa amepona. Tumbo likimuuma sana, akitapika mfululizo, fizi zikitoka damu au mikono ikiwa ya baridi, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, wala asipewe aspirini, kwani huzidisha kutoka damu. Dawa ya kuviua virusi hivyo haijapatikana. Daktari humrudishia maji mwilini kwa kipimo, na anayewahi kutibiwa hivyo, hatari yake ya kufa huwa chini ya asilimia moja.