Ruhusa za Kwenda Ng'ambo: Kuzuru, Kusoma na Kufanya Kazi

(Hotuba ya Mweka Hazina, iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Kamati ilinitaka niseme maneno machache juu ya ruhusa za kuingia nchi za ng'ambo, ambazo kwa desturi twaziita viza. Maana mwaka huu maombi ya msaada wa safari yaliyoletwa mezani petu yamezidi yale ya karo za shule. Nimekubali kazi hii kwa sababu mbili. Ya kwanza, mimi ndiye nishikaye daftari la fedha zenu. Ya pili ni kosa langu mwenyewe, nami nitalieleza wazi, kwa kuwa mficha maradhi kifo humuumbua.

Miaka miwili iliyopita kijana mmoja wa jamaa zetu alituletea karatasi ya wakala, iliyomwahidi kazi ya ulinzi huko Dubai. Chama kilimkopesha shilingi 160,000, na aliyetia sahihi hundi ile ni mimi. Sikuiuliza karatasi ile hata swali moja. Kumbe ruhusa aliyopewa ilikuwa ya matembezi ya siku 60, wala haikuwa ya kazi. Alipofika hapakuwa na mwajiri wa kumpokea. Siku zake zikaisha, na faini ikaanza kuhesabiwa, dirhamu 50 kwa kila siku iliyozidi. Nasi tukachanga mara ya pili ili arudi nyumbani. Kijana huyo yumo humu leo, naye ameniruhusu niyaseme haya bila kulitaja jina lake. Deni lake limo bado katika daftari. Lakini nasema mbele yenu kwamba kosa halikuwa lake peke yake.

Basi, tufahamu kwanza viza ni kitu gani. Pasipoti ni hati ya serikali yetu, isemayo: huyu ni mtu wetu. Viza ni neno la serikali ya watu wengine, isemayo: mtu wenu twamkubali aje kwa jambo hili, kwa siku hizi. Maneno hayo mawili, jambo na siku, ndiyo kiini cha habari yote. Aliyeruhusiwa kwa jambo moja akafanya jingine amevunja sheria, hata kama viza yake ni ya halali. Tena kuwa na viza si kuwa umekwisha ingia. Ofisa wa mpakani aweza kuuliza tena, na asiporidhika humrudisha mtu.

Milango ya kuingilia ni mitatu: kuzuru, kusoma na kufanya kazi.

Mlango wa kwanza ni wa kuzuru. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii ni njema kwetu, lakini ng'ambo haifai kwa mwenye viza ya matembezi. Akilishika jembe amevunja sheria. Uingereza humruhusu mgeni kukaa hata miezi 6 kwa kawaida, awaone jamaa zake, ahudhurie mkutano au harusi, lakini asiajiriwe. Nchi 29 za Ulaya zilizoungana katika mapatano ya Schengen hutoa viza moja ya kuzizuru zote, na kipimo chake ni siku 90 katika kila siku 180. Maana yake ni kwamba mama aliyekaa kwa mwanawe siku 90 mfululizo hawezi kutoka leo na kurudi wiki ijayo; yampasa angoje siku 90 nyingine. Nchi hizo hutaka pia bima ya ugonjwa isiyopungua euro 30,000, na maombi hupelekwa katika ubalozi wa ile nchi atakayokaa siku nyingi zaidi.

Kwa Marekani, sheria yao ina jambo ambalo watu wetu hulichukia kwa kutolijua. Yeyote aombaye viza ya matembezi, na hata ya masomo, huhesabiwa kuwa ana nia ya kuhamia huko mpaka atakapoonyesha vingine. Kwa hiyo karani wa ubalozi akiuliza habari za kazi yako, shamba lako na watoto wako, usidhani anakudharau. Anataka kujua kitu kitakachokurudisha nyumbani. Barua nzuri ya mwenyeji wako yasaidia, lakini haiwezi kuwa badala ya jibu hilo.

Mlango wa pili ni wa kusoma, na huu ndio mlango ambao wazee wetu waliujua zamani. Mnakumbuka, au mlisimuliwa, jinsi ndege ya kwanza ya wanafunzi ilivyoondoka Nairobi mwezi wa Septemba 1959 ikiwa na vijana 81, kwa juhudi za hayati Tom Mboya na rafiki zake wa Marekani. Mwaka uliofuata, 1960, alikwenda Wangari Maathai kusoma katika jimbo la Kansas, naye mwaka 2004 akapata Tuzo ya Nobel ya Amani. Siku zile watu wa vijiji walichanga senti zao ili mtoto wa jirani apate nauli. Lakini angalieni utaratibu wao: mwanafunzi alitafuta kwanza nafasi katika chuo, kisha ndipo watu wakahangaikia nauli. Barua ya chuo ilitangulia ndege.

Utaratibu huo haujabadilika. Kwa Uingereza, chuo chenye leseni ya serikali yao hukupa uthibitisho wa kukubaliwa, na pasipo huo maombi ya viza hayana msingi. Kisha lazima uonyeshe fedha za karo na za kuishi, nazo ziwe zimekaa katika benki siku 28 mfululizo. Fedha zilizoazimwa jana na kuwekwa leo hazifai. Atakayekaa zaidi ya miezi 6 hupimwa pia kifua kikuu katika hospitali iliyokubaliwa. Kwa Marekani, chuo humpa mwanafunzi fomu iitwayo I-20, ndipo aende ubalozini kuhojiwa. Ujerumani hutaka mwanafunzi aweke akiba ya mwaka mzima katika akaunti iliyofungwa. Tangu mwaka 2024 kiasi chake ni euro 11,904, naye huko hupewa euro 992 kila mwezi.

Ndugu zangu, nisikilizeni vizuri hapa. Wengi hutuambia, "Nipeni nauli na karo ya muhula wa kwanza, iliyobaki nitaitafuta kwa kufanya kazi huko huko." Mwanafunzi wa shahada nchini Uingereza huruhusiwa kazi ya saa 20 kwa juma wakati wa masomo, wala si zaidi, na Marekani ni saa 20 pia, tena ndani ya chuo chenyewe. Mshahara wa saa 20 waweza kununua chakula, lakini hauwezi kulipa karo ya mgeni. Anayezidisha saa hizo huipoteza viza, na kwa kuipoteza viza huipoteza na shahada. Jambo jingine: tangu Januari 2024 wanafunzi walio wengi hawaruhusiwi tena kwenda Uingereza na mume, mke au watoto, ruhusa imebaki zaidi kwa wale wa shahada za juu za utafiti. Wazazi wenye watoto wadogo walifikirie jambo hili kabla ya kuuza ng'ombe.

Mlango wa tatu ni wa kazi, na hapa ndipo walaghai walipojenga. Kanuni moja yatosha kukumbukwa: viza ya kazi huanzia kwa mwajiri. Nchini Uingereza ni lazima mwajiri awe na leseni ya kuajiri wageni, kisha atoe hati ya udhamini yenye jina lako. Katika nchi za Ghuba, mwajiri ndiye aombaye kibali chako cha kazi. Na sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu ya mwaka 2021 yamkataza kumtoza mfanyakazi gharama za kuajiriwa kwake. Basi mtu akikwambia, "Nenda kwa viza ya matembezi, utabadilisha ukifika," amekwisha kukuonyesha kwamba mwajiri hayupo. Laiti ningalijua maneno haya siku ile nilipoishika kalamu!

Wazee waliosimuliwa na baba zao habari za kipande, kile kilichowekwa kwa sheria ya mwaka 1915, watalielewa jambo la Ghuba kwa urahisi. Mtu mwenye kipande hakuweza kumwacha bwana wake bila sahihi ya bwana huyo. Vivyo hivyo, kukaa kwa mfanyakazi katika nchi nyingi za Ghuba kumefungwa na jina la mwajiri wake. Ingawa baadhi ya nchi hizo zimelegeza kamba, kamba ingalipo, na mtumishi wa nyumbani ndiye imbanaye zaidi. Kwa sababu hiyo Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 yataka mkataba wa kazi ya nje utiwe sahihi na pande zote na kushuhudiwa na ofisa wa kazi wa serikali. Tena mawakala wa kazi za nje hupewa leseni na kuandikwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Kulitafuta jina la wakala katika orodha hiyo ni kazi ya nusu saa. Mimi sikuitumia nusu saa hiyo.

Kuna habari mbili ambazo walaghai huzitumia sana. Ya kwanza ni kazi ya kulea wazee na wagonjwa nchini Uingereza. Mlango wa kuajiri walezi wapya kutoka ng'ambo ulifungwa tarehe 22 Julai 2025. Kwa hiyo anayeuza nafasi hizo kwa watu walio hapa Kenya anauza mlango uliokwisha komewa. Ya pili ni ya Ujerumani. Ni kweli kwamba tarehe 13 Septemba 2024 serikali yetu na ya Ujerumani zilitia sahihi mapatano juu ya wafanyakazi mjini Berlin. Lakini ile hesabu ya nafasi 250,000 iliyovuma magazetini na vinywani mwa watu, serikali ya Ujerumani yenyewe iliikanusha, ikasema mapatano hayana idadi yoyote. Njia ipo, nayo ni ya mwenye ufundi au mwenye kujifunza ufundi, tena aliyejifunza Kijerumani. Kijana mwenye miezi minane ya masomo ya lugha ameikaribia Ujerumani kuliko mwenye risiti ya wakala.

Kabla sijafika kwenye shauri langu, niseme neno juu ya uwongo. Wako watu wanaouza taarifa za benki za kughushi na barua za kazi zisizo za kweli. Uingereza ikimkamata mtu kwa udanganyifu katika maombi, humfungia mlango miaka 10. Marekani yaweza kumfungia maisha. Na mtu aliyekaa Marekani bila ruhusa kwa zaidi ya siku 180, kisha akaondoka, huzuiwa kurudi miaka 3. Akifikisha mwaka mzima, miaka 10. Mtoto aliyekataliwa leo kwa kukosa fedha aweza kuomba tena mwakani. Aliyekataliwa kwa kusema uwongo amejifungia njia, na pengine wakala aliyemwandikia uwongo huo hatajwi popote.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, naweka mbele ya mkutano huu kwamba Chama kisitoe fedha za safari kabla Kamati haijapata majibu ya maswali manne. Moja, ruhusa inayoombwa ni ya jambo gani, na je, ndilo jambo analokwenda kulifanya? Mbili, chuo au mwajiri ametujibu yeye mwenyewe, kwa anwani tuliyoitafuta sisi, isiwe ile iliyoandikwa juu ya karatasi ya wakala? Tatu, fedha zinalipwa kwa nani? Nashauri zilipwe moja kwa moja kwa chuo, kwa ubalozi na kwa shirika la ndege, wala zisipelekwe kwa simu ya mtu binafsi. Nne, akikataliwa, tutapoteza kiasi gani? Ada ya maombi kwa kawaida hairudishwi. Basi na tukopeshe ada kwanza, na nauli isilipwe mpaka viza imeonekana kwa macho.

Mzee mmoja wa Kamati, ambaye namheshimu sana, aliniambia kwamba maswali haya yatawavunja moyo vijana, na kwamba sisi wenyewe tulisaidiwa bila kuhojiwa. Mzee wangu, nakujibu kwa adabu. Mwaka huu tulimchelewesha binti mmoja wiki tatu, mpaka chuo chake kilipotujibu. Alilia, na mama yake alininunia. Jibu lilipokuja lilikuwa la kweli, tukamlipia ada, viza yake ikatoka, na sasa anasoma. Fedha tulizompa zilitoka katika mfuko ule ule uliopoteza zile 160,000. Kama ningaliuliza mwanzo, mwaka huu tungalipeleka watoto wawili.

Mali bila daftari huisha bila habari. Kuhusu deni la kijana yule, naomba mkutano uniruhusu nilipe nusu yake kutoka mfukoni mwangu, kwa kuwa sahihi ilikuwa yangu. Iliyobaki naliachia hekima yenu.