Kipandauso si uvivu

Maneno ya Mratibu wa Miradi kwa kamati za sharika, Bomani, Tarime



Tunaanza kwa kukiri kosa. Mama mmoja wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa alikosa vikao vitatu. Tukamtoza faini, na baadhi yetu tukamwita mvivu. Kumbe siku hizo alijifungia ndani gizani, kichwa kikimgonga upande mmoja, akitapika, asiweze kuvumilia hata sauti ya mtoto. Dukani alikuwa akiuziwa dawa za malaria bila kupimwa.

Ugonjwa huu ni kipandauso. Mwaka 2003 hadi 2004 watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika eneo linalohudumiwa na Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, wakafikia watu zaidi ya 7,000. Takribani 4 kati ya kila 100 walikuwa nao, wengi wao wanawake.

Hospitalini mgonjwa hupimwa malaria na shinikizo la damu, ili tiba isiwe ya kubahatisha. Hupumzishwa mahali penye utulivu na mwanga hafifu. Anayetapika vidonge havikai tumboni, hivyo huchomwa sindano ya kuzuia kutapika na ya maumivu, na huongezewa maji akiwa amepungukiwa. Anayeshikwa mara kwa mara daktari huweza kumwandikia dawa ya kinga ya kila siku, kama propranolol au amitriptyline. Tuwe waangalifu: dawa za maumivu zikimezwa karibu kila siku, zenyewe huleta maumivu ya kichwa.

Yapo maumivu yasiyongoja kesho: yanayoanza ghafla kwa ukali usio wa kawaida, yenye homa na shingo kukakamaa, yanayofuata kuumia kichwa, yenye kulegea upande mmoja wa mwili, au ya mama mjamzito. Huyo apelekwe hospitali mara moja.

Kwa kamati tunaomba mambo mawili: mgonjwa asitozwe faini, na kila usharika utenge akiba ya nauli ya wagonjwa. Kwa wafadhili wetu, tunaomba mtuunge mkono katika akiba hiyo.

Yule mama tumemrudishia fedha yake na kumwomba radhi. Siku hizi anapokosa kikao, tunakwenda kumjulia hali.