Kwa Ajili ya Mwenzetu Aliyeumia Ghalani



Tumepewa dakika chache katika sherehe hii ya hekalu letu, nasi tunaomba tuzitumie kumzungumzia mtu ambaye hayupo ukumbini. Wengi wenu mnamfahamu kwa sura. Ndiye aliyekuwa akituletea masufuria makubwa siku za Diwali, akiyatua jikoni na kuondoka kabla hajashukuriwa. Kwa miaka 11 alikuwa mpangaji wa magunia katika ghala la familia yetu hapa Mwanza.

Mwezi wa Machi mwaka jana safu ya magunia ya sukari, kila moja la kilo 50, ilimporomokea mgongoni. Mzigo ulikuwa mwingi, nafasi finyu, na safu ilipandishwa juu kupita kiasi, hilo hatulifichi. Tulimkimbiza Bugando, na madaktari wakafanya yote yaliyowezekana. Lakini uti wa mgongo ulikuwa umekwisha kuumia. Tangu siku ile hana nguvu wala hisia kuanzia kiunoni kwenda chini. Ana umri wa miaka 34, mke na watoto watatu.

Baadhi yenu mmetuuliza, na swali ni la haki: je, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi haupo? Upo, kwa sheria ya mwaka 2008, nasi waajiri huuchangia. Umelipia matibabu yake, na sasa unamlipa pensheni ya kila mwezi, asilimia 70 ya mshahara wake. Hapo ndipo penye aibu yetu. Mshahara ulioandikwa katika orodha yetu ulikuwa wa msingi tu. Posho ya kupakua, iliyokuwa ikipita mshahara huo katika miezi ya shughuli nyingi, tulimpa mkononi, nje ya vitabu. Kwa hiyo Mfuko unampa asilimia 70 ya tarakimu ndogo, na tarakimu ile tuliiandika sisi wenyewe. Tunawatazama wafanyabiashara wenzetu waliokaa hapa mbele, na hatudhani kuwa ni sisi peke yetu.

Kila Diwali tunaleta vitabu vya hesabu mbele ya Lakshmi na kuandika Shubh na Labh, yaani heri na faida, katika ukurasa wa kwanza. Diwali iliyopita kalamu ilitusita mkononi. Tangu hapo posho zote zimeingizwa katika orodha ya mishahara, nayo familia yetu inamfidia ile tofauti kila mwezi. Hilo ni deni letu, hatuwaombi mtusaidie kulilipa.

Tunaloomba ni jingine. Nyumba yake iko Mabatini, juu mlimani, na mnaijua milima yetu: njia ni mawe matupu. Kiti cha magurudumu alichopewa kimefungwa chini kwa jirani, kwa maana hakiwezi kupanda. Kutoka kwenda kliniki abebwe na vijana wanne. Anahitaji chumba mahali tambarare, chenye mlango mpana na choo anachoweza kuingia. Anahitaji godoro na mto maalumu wa kukalia, kwa kuwa asiyehisi maumivu hupata vidonda bila kujua. Mkewe humgeuza kila baada ya saa mbili, usiku kucha, na biashara yake ya dagaa imekufa kwa sababu hiyo.

Limesikika neno kwamba huyu si wa jamii yetu. Wazee watakumbuka jina walilopewa Wahindi waliojenga reli iliyofika Kisumu, ng'ambo ya ziwa letu, mwaka 1901. Waliitwa makuli. Walikuwa zaidi ya 30,000, na takriban 2,500 kati yao walifia kazini. Wengi walikuwa watu wa Punjab. Sisi Wagujarati tulifuata reli ile kufungua maduka. Tulipita juu ya migongo yao. Leo neno hilohilo tunawaita wapakuzi wetu, nasi tunauliza nani ni wa jamii?

Tunapendekeza kila duka litoe shilingi 20,000 kwa mwezi, kwa miaka mitatu. Tafadhali msitupe kitita kikubwa leo halafu mkasahau. Kodi ya nyumba hulipwa kila mwezi. Kamati ya kina mama imekubali kushika fedha, si sisi, jambo ambalo ni la busara. Wala majina hayatachongwa kwenye marumaru.

Yeye mwenyewe ameomba kitu kimoja, kazi. Katika miaka yote hiyo hajakosea idadi ya magunia hata mara moja, kwa hiyo meza ya karani wa stoo inamngoja, nao mlango wa ghala umeshapanuliwa.

Daftari la ahadi liko mlangoni, karibu na mahali mlipoacha viatu.