Mpaka wa Jiwe na Mti



Wasikilizaji wa Kasongo na Kabambare, juma hili tuongee juu ya jiwe la mpaka. Fitina zake mnazijua. Jiwe likiwa peke yake, usiku mmoja linahama hatua ishirini. Mti ukiwa peke yake, panga linatosha. Asubuhi majirani wanasimama shambani, kila mtu na mashahidi wake, na mara nyingine na silaha.

Huko Japani kuna watu wanaokuza miti midogo katika sahani, kazi iitwayo bonsai. Wengine wanaupanda mti juu ya jiwe mpaka mizizi inalikumbatia, na huwezi tena kuondoa kimoja bila kuharibu kingine. Miti ya sahani hatuna haja nayo. Ufundi huo ndio ungetufaa mipakani.

Kwanza jiwe. Walitafute watu wa pande zote mbili, wakitembea pamoja. Liwe gumu, zito, lenye mifereji, ili mizizi ipate pa kushika. Lililosuguliwa na mto halifai, mizizi inateleza. Mawe mekundu yenye matundu mjaribu kwanza kwa nyundo, maana mengine yanamomonyoka. Na lenye kung'aa liacheni kabisa: kwetu hapa atakuja mtu kulivunja akitafuta dhahabu, na mpaka umekwisha siku hiyo! Likikosekana, tengenezeni la simenti na mchanga, mkichora mifereji kabla halijakauka. Lakini simenti mpya ina ukali wa chokaa unaounguza mizizi. Liloweke majuma kadhaa, mkibadilisha maji.

Mti uwe wa jamii ya mkuyu, ambao hata tawi likichomekwa linaota. Mvua zikianza kurudi, chukueni mche wenye mizizi mirefu, ioshwe, itandazwe katika mifereji mpaka ncha zifike udongoni. Pakeni udongo wa mfinyanzi, fungeni kwa kamba za mgomba, kisha fukieni jiwe lote. Baada ya miaka miwili hivi mnaanza kuufukua udongo kidogo kidogo kutoka juu. Msiharakishe, mizizi michanga ikipigwa na jua inakauka.

Mkuyu ukiachwa utakula mashamba yote mawili. Kila mwaka ukatwe matawi, na pande zote mbili ziwepo. Mimi naona siku hiyo ina faida kuliko mti wenyewe.

Lakini msidhani mti huo ni hati. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 ilisema ardhi ni mali ya Serikali, na haki za wenyeji juu ya mashamba ya kimila ikaziachia amri ya Rais, katika kifungu cha 389. Miaka zaidi ya arobaini ilipita bila amri hiyo. Watu walibaki na maneno ya wazee na alama za ardhini. Vita vya 1996 na 1998 vikakimbiza wengi, na wazee wengine hawakurudi kuonyesha chochote.

Kwa hiyo siku ya kupanda iandikwe karatasi: mahali, tarehe, majina ya mashahidi, sahihi ya chefu wa kijiji. Nakala tatu, moja kila upande na moja kwa chefu. Na wawepo watoto wa pande zote mbili, wenye umri wa kukumbuka. Hao ndio wapewe kazi ya kuumwagilia maji kiangazi cha kwanza.